Pengo Mstarini: Kwaya na Wito wa Kijana Aliye Hatarini

Miongoni mwa vitenzi ambavyo mwanafunzi wa Kiswahili huvipita upesi katika somo la mnyambuliko ni kitenzi 'ita'. Aliyeitwa huitika. Mtoto wa kiume akiitwa na mamaye husema 'naam' au 'labeka', na binti husema 'abee'. Hapo ameitika wito. Salamu huitikiwa, dua huitikiwa kwa 'amina', na wimbo huitikiwa kwa kiitikio. Shina moja limebeba adabu, ibada na sanaa kwa pamoja. Fauka ya hayo, limebeba imani fulani ya jamii iliyoizaa lugha hii: kwamba wito usioitikwa ni kasoro. Anayeita bila ya kuitikwa hubaki amesimama na sauti yake mwenyewe, na mwimbishaji aliyekosa waitikiaji huwa kama mtu anayejisemea njiani.

Nilianza kulitafakari neno hili nilipokuwa nikiandaa mradi wangu wa mwaka wa nne kuhusu kiitikio katika nyimbo za kwaya za shule za upili. Katika kusoma kwangu juu ya kwaya za kwingineko duniani, nilikutana na kwaya ambazo sikuzitarajia. Hizi ni kwaya za mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia nchini Marekani, ambazo kwa miaka mingi zimewaimbia vijana walio katika hatari ya kufukuzwa nyumbani, kuonewa shuleni au kukata tamaa ya kuishi. Mada ya mradi wangu ilikuwa muundo wa nyimbo, lakini habari za kwaya hizi zilinigusa mahali ambapo muundo haufiki.

Natambua, mpenzi msomaji, kwamba jambo hili ni zito katika nchi yetu. Mnamo Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, na wasomaji wa jarida hili wana misimamo yao ya kidini na ya kisheria. Sikusudii kuufungua mjadala huo hapa. Swali langu ni dogo kuliko hilo, na nathubutu kusema kwamba linautangulia mjadala wenyewe: kijana aliye hatarini anapoita, ni nani anayeitika? Na je, kwaya, kitu kisicho na bunge wala hazina, ina nini cha kumpa?

Hebu tuanze na historia. Mwaka 1975, huko Philadelphia, Catherine Roma alianzisha kwaya ya wanawake iliyoitwa Anna Crusis. Jina hilo lina utani wa kimuziki ndani yake. Anayelisikia hudhani ni jina la mwanamke, kumbe ni istilahi inayotaja noti zile zinazotangulia pigo la kwanza lenye mkazo katika wimbo. Miaka mitatu baadaye, mjini San Francisco, Jon Sims aliwakusanya wanaume waliotaka kuimba pamoja, na mazoezi yao ya kwanza yalifanyika tarehe 30 Oktoba 1978. Hata mwezi haukwisha. Tarehe 27 Novemba 1978, Meya George Moscone na diwani Harvey Milk walipigwa risasi na kufa ndani ya jengo la baraza la mji. Milk alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini Marekani kuchaguliwa kushika wadhifa wa umma hali wamejitangaza wazi kuwa mashoga. Usiku huo maelfu ya watu waliandamana na mishumaa hadi kwenye ngazi za jengo lilo hilo, na pale kwaya ile changa ikaimba wimbo wa ibada uliotungwa na Mendelssohn.

Hawakuwa wamepanga tamasha. Hakukuwa na tikiti, wala jukwaa, wala ukumbi. Kwaya yenyewe haikuwa bado na umri wa mwezi mmoja. Jambo la kwanza ambalo watu wale walilifanya hadharani kama kwaya lilikuwa kuitika kilio cha mji wao. Naona kwamba mambo yote yaliyofuata katika historia ya kwaya hizi yalichipuka katika ngazi zile.

Mwaka 1980 kwaya ya wanaume ilianzishwa Dallas, katika jimbo la Texas, nayo ikachagua kuitwa Turtle Creek Chorale, jina la kijito ambalo halikumtisha mtu. Wenzao wa San Francisco walikuwa wamelichukua lile neno lenyewe wakaliandika ndani ya jina la kwaya yao. Mwanafunzi wa isimujamii atauelewa uzito wa tofauti hiyo. Katika pwani yetu mwanamke humwita rafiki yake wa kike 'shoga', na hakuna anayeshtuka. Neno lilo hilo likielekezwa kwa mwanamume hugeuka kuwa tusi. Kamusi zetu huziweka maana zote mbili chini ya kidahizo kimoja, ya urafiki na ya dharau, zikikaa bega kwa bega kama majirani wasioamkuana. Neno la Kiingereza walilolichagua wale wa San Francisco nalo lilikuwa na maana ya kale ya uchangamfu. Kuliandika katika jina la kwaya, kisha kuliimbia hadharani, kulikuwa kulitoa vinywani mwa waliolitumia kama jiwe. Kufikia mwaka 1983 kwaya za aina hii zilikuwa zimeongezeka kiasi cha kukutana mjini New York kwa tamasha la pamoja, chini ya chama chao kiitwacho GALA.

Kisha ukaja UKIMWI. Sihitaji kumweleza msomaji wa Kenya maana ya ugonjwa huo kwa kikundi cha waimbaji. Nchi yetu iliutangaza kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, na katika makanisa na shule zetu ziko kwaya zilizozika sauti zao nzuri kabisa. Jon Sims mwenyewe alifariki mwaka 1984. Kwaya ya San Francisco imewapoteza wanachama zaidi ya 300 kwa jumla. Kwaya ya wanaume kwa kawaida hugawika katika sauti nne. Wao huwaita wenzao waliofariki 'sauti ya tano'. Maana yake ni kwamba wafu hawakuondolewa katika hesabu. Walipewa sehemu yao.

Mwaka 1993 mpigapicha Eric Luse wa gazeti la San Francisco Chronicle alipiga picha ambayo imekuwa mashuhuri. Kwaya nzima imesimama katika mistari yake. Wanaume 7 wamevaa mashati meupe na kuitazama kamera. Hao ni waasisi waliokuwa wamesalia. Wengine 115 wamevaa nguo nyeusi na kumpa mtazamaji migongo; hao wanawakilisha waliouawa na UKIMWI kufikia wakati huo. Ukiitazama picha hiyo, jicho lako hutafuta nyuso, nalo hukutana na visogo vitupu. Pengo limefanywa kitu cha kuonekana, kinachoweza kuhesabiwa mtu kwa mtu.

Picha hiyo ilinikumbusha pengo jingine. Nilisoma katika shule ya bweni ya wavulana ambayo sitaitaja. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya shule, na upande wangu wa kushoto alisimama kijana wa kidato cha pili. Alikuwa na sikio ambalo sote tulilitegemea. Noti ikitupotea, yeye alikuwa ameishika, nasi tulimwegemea kama watu wanaovuka mto kwa kamba moja. Wiki mbili kabla ya mashindano ya muziki ulizuka uvumi juu yake bwenini. Mpaka leo sijui kama uvumi ule ulikuwa na chembe ya ukweli, wala sikuwahi kumwuliza. Aliitwa ofisini asubuhi moja, na jioni hakuja mazoezini. Mwalimu wa kwaya alitutazama, akapiga noti ya kuanzia, kisha akasema, "Sogeeni mzibe pengo." Tukasogea. Dakika mbili hazikupita, mstari ulikuwa umenyooka kana kwamba hapakuwahi kusimama mtu pale.

Nilikutana naye tena miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Alikuwa amejifunza ufundi wa mitambo ya sauti, na mazungumzo yetu yalianza kwa mambo ya spika na maikrofoni. Kisha akaniambia, bila ya kuulizwa, kwamba jioni ile alikuwa langoni, ameketi juu ya sanduku lake la bati, akimngojea mjomba wake aje kumchukua. Ukumbi haukuwa mbali. Alitusikia tukianza wimbo. Alisema aliifuata sehemu yake yote ya sauti ya tatu, mdomo umefumbwa, hadi gari lilipofika. Waswahili husema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nami sitajidai kuyajua yaliyokuwa moyoni mwake. Ninachokijua ni kwamba kulikuwa na mwimbaji aliyeitikia kutoka langoni, na kwaya iliyokwisha kuziba nafasi yake.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti kati ya kwaya mbili. Moja iliamriwa izibe pengo. Nyingine iliamua pengo lisimame mstarini, livae nyeusi na lihesabiwe. Kijana anayeitazama kwaya ya kwanza hujifunza kwamba siku atakapotoweka wengine watasogea, na wimbo utaendelea. Anayeitazama ya pili hujifunza kwamba kutoweka kwake kutaacha jeraha ambalo watu hawatakubali kulificha. Kwa kijana anayejiuliza usiku kama yuko mtu atakayegundua kutokuwepo kwake, somo hilo lina thamani kuliko hotuba nyingi.

Swali hilo la usiku si la kubuni. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha tena na tena kwamba vijana wa kundi hili huwazidi wenzao katika kukosa makao na katika mawazo ya kujidhuru. Aghalabu chanzo chake huwa ni kukataliwa na walio karibu nao, nyumbani, shuleni na kanisani. Mnamo Septemba 2010 mfululizo wa vifo vya vijana uliitikisa nchi hiyo. Mmoja wao alikuwa Tyler Clementi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Rutgers mwenye umri wa miaka 18. Alijitoa uhai siku chache baada ya mwenzake wa chumbani kumchungulia kwa kamera ya kompyuta. Mwezi huo huo mwandishi Dan Savage na mwenzi wake Terry Miller walianzisha kampeni ya video, ambamo watu wazima waliwaambia vijana kwamba maisha hubadilika na huwa mema zaidi.

Kwaya ziliitika kwa njia yake. Mwaka 2012 kwaya ya San Francisco iliimba kazi ya mtunzi Stephen Schwartz iitwayo 'Testimony', iliyotungwa kutokana na maneno ya watu waliotoa ushuhuda katika video zile. Zingatia safari ya maneno hayo: mtu mmoja alizungumza peke yake mbele ya kamera, mtunzi akayachukua maneno yake, kisha sauti mamia zikayasema pamoja. Siri ya mtu mmoja ikawa kiitikio cha wengi. Mwaka 2014 kwaya hiyo hiyo ilizindua 'Tyler's Suite', mkusanyiko wa nyimbo za watunzi kadhaa kwa kumbukumbu ya Tyler Clementi. Alikuwa mpiga fidla, na fidla husikika ndani ya kazi hiyo. Wazazi wake nao walianzisha wakfu wenye jina lake, unaopambana na uonevu.

Aidha, vijana wenyewe walipewa nafasi ya kuimba. New York iliunda kwaya ya vijana mwaka 2003, chini ya malezi ya kwaya ya wanaume ya mji huo. Mjini Washington iko kwaya ya vijana iitwayo GenOUT, ya wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Kwaya ya wanaume ya Los Angeles huingia katika shule za upili, ikaimba na kusimulia maisha ya waimbaji wake mbele ya wanafunzi. Katika hali zote hizi jambo moja hutokea kabla ya noti ya kwanza kusikika. Kijana huona nywele zenye mvi. Huona watu wa miaka 50, 60 na 70 wamesimama jukwaani, wamevaa vizuri, wana meno machache na vicheko vingi. Kijana aliyeambiwa tangu utotoni kwamba watu kama yeye huishia pabaya huona kwa macho yake kwamba wako waliofika uzeeni. Na kwa sababu ya UKIMWI, kila mzee aliye jukwaani anajua jinsi kufika huko kulivyo tunu.

Yupo mwalimu mwingine katika kwaya, naye ni pumzi. Kila aliyewahi kuimba anaijua siri ya noti ndefu. Hakuna kifua cha mwanadamu kinachoweza kuishikilia noti kwa muda mrefu kiasi hicho, ila msikilizaji huisikia ikiendelea bila ya kukatika. Waimbaji hupumua kwa zamu. Mmoja hunyamaza kidogo akavuta hewa, na wenzake humshikia nafasi yake; akirudi, mwingine hunyamaza. Kwaya yenye nidhamu haimlaumu anayepumua. Nimejaribu kutafuta mfano bora zaidi wa maana ya kumsaidia mtu aliyechoka kuishi, nimeukosa. Humwambii asichoke. Unamwambia: nyamaza, vuta pumzi, noti yako tumeishika, nafasi yako iko pale pale. Mkono mmoja haulei mwana, na kifua kimoja hakiwezi kuumaliza wimbo.

Haingekuwa haki kuyaacha maswali ya wanaozipinga kwaya hizi. La kwanza ni lile la wazazi wanaohofia kwamba waimbaji hawa wanakuja kuwarubuni watoto wao. Mwaka 2021 kwaya ya San Francisco ilitoa wimbo wa kejeli uliojifanya kukiri hofu hiyo, kana kwamba kweli wanawajia watoto, ilhali jambo walilosema watawafunza watoto hao ni kuvumiliana. Wimbo ulienea upesi, ukasikilizwa na watu walioyapokea maneno kama yalivyo. Waimbaji wakatishiwa maisha, na video ikaondolewa hadharani. Hilo ni funzo kwa mwanafunzi wa fasihi. Kejeli hutegemea makubaliano kati ya msemaji na msikilizaji. Makubaliano yakikosekana, kejeli husomwa kama kiapo. Kwa maoni yangu wimbo ule haukuwasaidia vijana, kwa sababu mzazi mwenye hofu hakutaka kuchekwa. Alitaka kujibiwa. Ila jibu lenyewe lipo, nalo liko katika picha ya mwaka 1993. Watu waliokwisha kuzika wenzao kwa mamia hawana sababu ya kumtafuta mtoto wa mtu ili waijaze mistari yao. Wanaingia shuleni kwa sababu wanakumbuka walivyokuwa na miaka 15 bila ya mtu wa kumwambia.

Swali la pili linatoka kwa marafiki wa vijana wenyewe. Wanauliza: kumwambia mtoto kwamba maisha yatakuwa mema baadaye, je, si kumwachia yeye kazi ya kungoja? Anayeonewa leo hawezi kuishi kwa hundi ya miaka kumi ijayo. Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Wimbo unaoahidi kesho na kusahau leo ni kitulizo cha mwimbaji kuliko cha kijana. Ndiyo sababu naona kwaya za vijana zina uzito kuliko nyimbo kuhusu vijana. Anayehudhuria mazoezi kila wiki hangoji kesho. Ana mahali pa kwenda jioni ile, ana sauti ya kujifunza, na ana mtu wa kumwuliza kwa nini hakuja wiki iliyopita.

La tatu ni la kawaida: maneno matupu hayavunji mfupa, na wimbo haumpi kijana kitanda. Ni kweli. Ila kwaya zimejua kuufanya wimbo uwe mwanzo wa msaada. Mnamo Oktoba 2017 kwaya ya San Francisco, pamoja na kwaya ya injili ya Oakland yenye waumini wa dini mbalimbali, ilizuru majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako sheria na desturi zilikuwa kali zaidi kwa watu hawa. Ziara iliimba kwa kuchangia mashirika ya wenyeji yanayowahudumia. Kiongozi wake, Tim Seelig, alikuwa ameongoza muziki katika kanisa la Kibaptisti huko Houston, na kazi hiyo ilikoma alipojitambulisha wazi. Alirudi kusini akiwa na waimbaji wapatao 300. Huko Alabama walivuka daraja la Edmund Pettus mjini Selma, daraja ambapo waandamanaji Weusi waliodai haki ya kupiga kura walipigwa na polisi mwaka 1965. Filamu ya ziara hiyo, 'Gay Chorus Deep South', ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Waliporudi makwao walikuwa wameacha nyuma yao watu waliokutana katika viti vya ukumbi, wakagundua kwamba hawako peke yao katika mji wao.

Kuna jambo la karibuni linalonifanya niandike sasa. Mwaka 1998 shirika la Trevor Project lilianzisha nchini Marekani simu ya kuwasaidia vijana hawa wanapofikiria kujidhuru. Baadaye, tangu mwaka 2022, serikali ya nchi hiyo iliweka katika simu yake ya dharura ya 988 njia maalumu ambapo kijana angeweza kubonyeza 3 na kuzungumza na mtu aliyefunzwa kumsikiliza. Tarehe 17 Julai 2025 njia hiyo ilifungwa. Simu ya 988 ingalipo, na ile ya Trevor Project ingalipo, lakini mlango mmoja wa kuitikia umefungwa. Simu ni wito kwa maana halisi kabisa ya neno letu. Inapolia, ama mtu huitika, ama haitiki. Katika hali hiyo, kikundi cha watu wanaokutana kila wiki ukumbini kuimba, na wanaojua majina ya vijana wao, si pambo tu. Kimekuwa mmoja wa milango iliyosalia.

Je, sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tunahusikaje? Hatuhitaji kuiga kwaya za Marekani, na wala sipendekezi hivyo. Historia yao ni yao, imetokana na makaburi yao na sheria zao. Lakini sisi nasi tuna kwaya katika kila shule na kila ushirika wa chuo, na nyingi zitaongozwa na wenzetu watakaohitimu ualimu mwaka huu. Vijana wanaosimama katika mistari hiyo watakuwa na siri za kila namna. Yupo atakayevumiwa kuwa shoga, yupo atakayekuwa mjamzito, yupo aliyezaliwa na virusi, yupo ambaye babake yumo gerezani. Uvumi utafika kwenye kwaya kabla ya ukweli, kama ufanyavyo siku zote. Mwalimu wa kwaya atakuwa mtu wa kwanza kuona nafasi tupu, kwa sababu atakuwa na idadi ya sauti kichwani mwake.

Kwa mwalimu huyo nina ombi moja, ambalo mtu yeyote anaweza kulitimiza bila ya kubadili dini yake wala msimamo wake. Usiwaambie watoto wazibe pengo. Liache wazi jioni ile. Uliza mbele yao mwenzao yuko wapi, kisha baada ya mazoezi nenda ukamtafute, hata kama ni hadi langoni. Akiwa ameketi juu ya sanduku lake, keti naye mpaka gari lije, na umwambie kwamba sauti ya tatu haikukaa sawa leo.